Chuma Yenye Iliisha mu Muguu Yangu

Wewe mwenye umevunjika, unakaa sasa ku benchi ya hospitali na unangojea waite jina yako, hii naandika kwa ajili yako. Mimi si dokta. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire, siku baba alisema ng'ombe hazijikamue zenyewe. Ya mifupa, dokta atakuambia. Mimi nitakuambia ya benchi.

Naitwa Bauma, niko muntu wa Nyamitaba, mu Masisi. Ile nyumba ya mabati ya kijani juu ya mulima ni yangu na hakuna muntu alinipa. Kwa ujana nilichimba kasiterite, yale mawe ya madini, upande wa Walikale, ndani ya mashimo yenye unaingia kwa tumbo kama nyoka, nikatoka kule na mugongo mbovu na ng'ombe mbili. Leo natengeneza fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe. Kama ulikula fromaji ya Masisi, ile ya muviringo, labda ulikula ya mikono yangu. Nasema kwa kujisifu, sikatai. Lakini pia fromaji itarudi mu hii habari.

Nilivunjikia Kashebere, mvua kubwa ya mwezi wa kumi. Nilipeleka fromaji kule, na wakati wa kurudi pikipiki ikateleza mu matope, ikanilalia. Sikusikia uchungu kwanza. Niliona tu kiatu yangu ya kuume inaangalia nyuma, kule tulitoka, na mimi uso yangu iko mbele. Dereva alilia kuliko mimi.

Walinibeba mpaka nyumbani, na nilitaka wanipeleke Kibabi kwa Mzee Kitsa, yule mwenye kunyoosha mifupa na mafuta ya ng'ombe. Amenyoosha watu tangu mimi sijaoa. Lakini mutoto wangu wa kwanza, Furaha, ni muganga, anafanya kazi mu hospitali moja ya Goma. Alipiga simu, akasema, "Papa, Mzee Kitsa ni wa kuteguka. Wewe umevunjika pahali pabaya. Wakulete hapa." Mama Furaha, bibi yangu, akanyamazisha simu akasema, "Umesikia mutoto." Njo tukaenda. Siku mbili mu barabara, muguu imefungwa ku mbao ya kuanikia fromaji.

Kule tulikuta kuna kundi ya madokta wageni, wamekuja na vifaa mupya. Yule mukubwa wao alisema Kifaransa mbio-mbio, anachora ku karatasi. Mimi Kifaransa najua bonjour na merci. Furaha alisimama katikati yetu na blouse yake nyeupe, na mimi, nakuambia ukweli, nilijisikia kama chef wa kijiji. Mutoto wangu anaongea na wazungu kwa ajili yangu!

Dokta aliongea murefu sana. Furaha akageuka. "Anasema watatia vise mbili za chuma ku kifundo, misumari ya kuzungusha, zishike mufupa."

"Chuma gani?"

"Chuma nzuri, Papa."

"Itakaa?"

"Itakaa."

"Mpaka lini?"

Aliangalia ile karatasi. "Mpaka utazeeka nayo."

Shika hilo neno. Wakaleta barua ya kutia sinyatire, ya Kifaransa, yote imejaa. Wengine wanatia kidole. Mimi najua kuandika jina yangu, na niliiandika herufi kwa herufi, polepole, ili yule muzungu aone. B-A-U-M-A. Hiyo herufi tano njo iliniuma kuliko kisu yao.

Mu salle ya hospitali kulikuwa muganga wa kufunga vidonda, jina yake Muhindo, muntu wa Butembo, tumbo kubwa na mikono mwepesi. Asubuhi anaingia na kasahani yake ya vifaa, anafungua bande, ananusa.

"Mzee wa fromaji, leo muguu yako inanuka kama kazi yako."

"Wewe muntu wa Butembo, kwenu wote ni wachuuzi, kama ingekuwa fromaji ya kweli ungekuwa umekwisha kuiuza."

"Mzee, nisingeuza. Ningekula na hiyo pua yako."

Siku Mama Furaha alirudi Nyamitaba kuangalia mashamba, njo Muhindo aliniosha miguu. Yote mbili, hata ile mzima. Hakuna muntu alimutuma. Alinyanyua ile mzima akasema, "Na hii maskini, hakuna muntu anaiuliza habari." Mambo kama hiyo, ukiwa umelala chali wiki na wiki, inakaa mu roho.

Nilirudi nyumbani na bekiye, zile fimbo mbili za kukwapa, na picha ya mufupa ndani ya bahasha kubwa. Nilitundika picha ku dirisha, jua ikipiga inaonekana vizuri: mufupa, na ndani yake vise mbili nyeupe kama mishumaa. Watu wa shirika yetu ya kanisa walipokuja kuniombea, kabla ya sala niliwaonyesha dirisha. Kisha natoa muguu. "Gonga hapa. Sikia. Chuma." Na watu wazima, na rosari mu mikono, walikuwa wanagonga kifundo changu na kidole. Wakaanza kuniita Papa Chuma. Mimi niliyetoa mawe chini ya udongo kwa mikono, sasa chuma iko ndani yangu na itazikwa na mimi. Sijui kama unaelewa ile furaha.

Lakini nyumbani ilikuwa mubaya. Kukaa si kazi yangu. Nililala ku kitanda nikasikia ndoo inaanguka mu nyumba ya maziwa, nikapiga kelele. Nikasikia kijana wangu ameuza ndama bila kuniuliza, nikapiga kelele. Siku moja Mama Furaha aliweka sahani ya sombe mbele yangu akasema, bila hasira, "Bauma, muguu yako njo ilivunjika. Usivunje na watu." Akaenda kukaa ku jikoni, na kwa siku nyingi alikula kule.

Wakati wa kupanda maharagi, muguu ikavimba. Si vile ya kwanza, ile ya damu. Hii ilikuwa laini, na ukiibonyeza inalia chini ya ngozi, kri, kri.

Sasa sikia. Fromaji yenye inavimba ni fromaji yenye imeoza. Inaingia hewa ndani, inapanda kama mukate, ukiigonga na kidole inatoa sauti ya ngoma. Hiyo hata nguruwe siipe. Miaka yangu yote nagonga fromaji moja-moja ku mbao, kila asubuhi, na yenye inalia mubaya naitupa. Ile asubuhi nilikaa ku kitanda, nikakunja kidole, nikagonga kifundo changu. Ikalia mubaya.

Nililia peke yangu, na bibi yangu sikumwambia. Nilijua watakata muguu.

Ku hospitali ya Goma, mimi na Mama Furaha tulikaa ku benchi ya rangi ya bluu tangu asubuhi. Ile benchi ina jino, kamusumari kenye kametoka, kila muntu mwenye kukaa pale anasogea na mwenye kufuata anakaa juu yake. Nilikaa juu yake na sikusogea. Furaha alikuja, akanishika bega. Muhindo akanibonyeza, kri, kri. Akamuangalia Furaha. Furaha akamuangalia. Njo ile macho mimi niliona.

"Ni hewa tu, mzee," Muhindo akasema. "Itaenda yenyewe."

"Hewa iliingilia wapi? Mimi si mupira."

Muhindo akafungua kinywa, Furaha akasema, "Papa, umuache afanye kazi yake."

Wakanipiga sindano ya usingizi kidogo, wakatoa ile hewa na sindano. Nilipoamuka bande ilikuwa mupya. Na kweli, wakati wa kuvuna maharagi muguu ilishuka. Nikaacha bekiye moja, kisha ya pili. Nikapanda mulima mpaka ku nyumba ya fromaji na fimbo, Mama Furaha nyuma yangu na mikono tayari kama mwenye kushika kuku. Ile siku alirudi kula na mimi.

Mvua ikapita, kiangazi, mvua ingine. Barabara ilifungwa na vita, ikafunguka, ikafungwa. Nilipofika Goma kwa kontrole ya mwisho ilikuwa karibu mwaka wa pili. Wakapiga picha. Kijana wa picha akaniachia niangalie ku taa, wagonjwa wengine wanangojea nyuma yangu. Nikaangalia. Mufupa iko. Vise, hakuna. Kulikuwa tu ka-kivuli, kama pahali musumari ilitoka mu ukuta.

Nilimwambia, "Hii si muguu yangu."

"Ni yako, mzee. Jina njo hii."

B-A-U-M-A.

Ndugu yangu, mimi nilikuwa muchimbaji. Mu shimo, unaweka kichwa yako juu ya mufuko ya kasiterite, unasinzia kidogo, unaamuka kichwa iko juu ya mufuko ya mawe ya bure. Uzito ni moja, kamba ni moja. Ilinipata mara mbili. Na chuma najua: bila moto haiyeyuke. Kwa hiyo sikuhangaika kufikiri. Ile siku ya sindano ya usingizi! Yale macho! Bande mupya! Walinifungua wakachukua vise zangu wakatia muntu mwingine.

Nilitoka mu koridoo. Benchi ilijaa watu. Muhindo alikuwa anapita na kasahani yake.

"Muhindo! Chuma yangu uliipeleka wapi?"

Alisimama. "Mzee, tuingie ndani tuongee."

"Hapa! Ulinilaza usingizi ukaniibia mu mufupa. Watu wote, muangalie huyu! Anaosha miguu yako, kumbe anapima!"

Muhindo aligeuza kichwa. Aliangalia mulango, na pale ku mulango alikuwa Furaha. Nami nilimuangalia, nikangojea aseme neno, amushike huyu mwizi. Furaha aliinamisha uso. Nilifikiri ni haya, kwa sababu Muhindo ni mukubwa wake wa kazi. Nilichukua kofia yangu nikatoka, sikungojea dokta.

Niliisema ile habari ku kila kituo mu barabara mpaka Nyamitaba. Na habari mu barabara yetu inatembea kuliko gari. Kwa miezi niliisikia inarudi, imenenepa: muganga wa Butembo anatoa watu chuma. Wagonjwa walikataa mikono yake, mama mmoja alimwambia afungue mifuko kabla hajamugusa mutoto wake. Kisha nikasikia ameomba kuhama, ametumwa ku kituo cha afya karibu na Kashebere. Nilisema, "Vizuri." Nilisema kwa kinywa yangu.

Nilienda Kibabi kwa Mzee Kitsa, nione kama mufupa itashika bila chuma. Amezeeka, macho yake ni kidogo, lakini vidole vyake vinaona. Alipaka mafuta, akasukuma, akazungusha kifundo muda murefu, akafunga macho.

"Imejifunga. Mimi singeweza kuifunga hivi, nakuambia ukweli."

"Lakini waliiba chuma."

"Nani?"

Nikamwelezea yote. Alirudisha kidole ku kovu, akaipita juu na chini.

"Kovu iko moja, Bauma. Ya zamani, imelala vizuri. Vise kwa kuitoa inabidi wakate tena. Nimegusa watu wenye walitolewa vise, wako na kovu juu ya kovu. Sasa wewe mwizi wako aliingilia wapi? Ku dirisha?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi kwa miguu, ile njia yote, na muguu haikuuma hata kidogo, na hiyo njo ilinitisha.

Furaha alikuja kwa sikukuu. Nilimwita mu nyumba ya fromaji, nikafunga mulango. Nilikuwa napaka chumvi, sikumuangalia.

"Vise yangu iliendaka wapi?"

Akakaa chini juu ya ndoo. "Iliisha, Papa."

"Chuma haiishe."

"Ile inaisha. Ni chuma ya namna ingine, ya kutengenezwa hivyo. Inashika mufupa, na mufupa ikijifunga, mwili inaila polepole mpaka inaisha. Ile hewa ya mu muguu ilikuwa yake, wakati inaisha inatoa hewa. Dokta alikuelezea yote."

"Alinielezea mimi? Ao alikuelezea wewe?"

Akaanza kulia. "Kumbuka Papa Semire wa hapa chini. Walimutia chuma ya kawaida, wakamwambia arudi waitoe. Barabara ikafungwa. Usaha ilitoka mu muguu yake mpaka tukamuzika. Mimi nilimufunga zile bande, Papa. Sikutaka chuma ya kurudi kuitoa. Na wewe, kama ningekuambia itaisha, ungesema nini?"

Ningesema kitu yenye inaisha si kitu. Ningesema wanipeleke Kibabi. Anajua. Mimi pia najua.

"Ungeniambia kisha. Nikiwa nimelala. Nikiwa natembea. Ulikuja kututembelea, uliona watu wanagonga muguu yangu ku nyumba yangu, wananiita Papa Chuma, ukawapikia chai."

"Ulikuwa na furaha."

"Na Muhindo?"

"Nilimuomba asikuambie. Alikataa mara mbili. Alisema mugonjwa ana haki. Nikamwambia ni baba yangu, namujua."

"Na ile siku, ku benchi? Ulisimama pale."

Chumvi ilikuwa imeniingia mu kidonda ya kidole, nikaacha iume.

"Nilikuogopa, Papa."

Nilimulisha huyu mutoto kwa maziwa yenye wengine wote nyumbani hawakupata. Nilimusomesha ili awe na neno mbele ya watu wakubwa. Na neno alikuwa nayo, akaitumia kwa kunifunika macho, na siku ilifaa aitoe, akaimeza, akaacha muntu mwema aitwe mwizi na kinywa ya baba yake. Ananiambia ni upendo. Inawezekana. Lakini muguu ni yangu, na sinyatire ni yangu, na nilitia ile sinyatire juu ya kitu chenye sikuijua, mbele ya mutoto mwenye alikuwa anaijua. Nilimwambia atoke, niendelee na chumvi.

Picha ya ku dirisha niliitoa siku hiyo.

Kisha nilichagua fromaji moja, ya miezi mingi, nikaigonga pande zote. Nikaenda Kashebere. Pikipiki ilinishusha chini, pahali pale pale niliangukia, na ile kilima ya kituo cha afya nilipanda na muguu yangu.

Muhindo alikuwa ku mulango. Tumbo yake imepungua. Aliona fromaji kabla ya kuniona.

"Papa Chuma."

"Muhindo. Nimekuletea. Nilikuja tuongee ndani."

Akaangalia fromaji, akaangalia benchi. Ilikuwa mbao mbili juu ya mawe, na watu wake pale: mama na mutoto mu mugongo, mwanamke mwenye mimba, dereva wa pikipiki wawili, mzee mmoja wa kukohoa.

"Fromaji weka chini, mzee. Wewe hukuniita mwizi ndani. Benchi njo hii."

Nilikuwa na majibu. Mimi nina majibu siku zote. Miaka yangu, ng'ombe zangu, ile kilima nimepanda. Dereva mmoja alianza kutabasamu, na uso yangu ikawa moto. Nikafikiri: nikigeuka sasa, muguu hii itanipeleka mpaka Nyamitaba bila shida, huyu muntu njo aliifanya inipeleke.

Nikatoa kofia. Nikasema jina yangu, na pahali natoka. Nikasema, "Huyu muganga nilimwita mwizi mbele ya watu. Hakuiba. Chuma yangu iliisha yenyewe mu mwili, ilitengenezwa hivyo, na mimi sikujua. Aliniosha miguu, na mimi nikamuharibia jina mpaka hapa. Nilikosa."

Mutoto wa mu mugongo alikohoa. Yule mwenye mimba akauliza, "Lakini papa, sasa ile chuma yenyewe ilienda wapi?"

Mimi sikujua. Nikamuangalia Muhindo.

"Aliikojoa, mama," Muhindo akasema. "Kidogo-kidogo. Mzee mukubwa hivi, amekojoa vise mbili mu majani ya Nyamitaba, na ng'ombe zake zimekula."

Benchi yote ilicheka, mzee wa kukohoa alikaribia kufa. Muhindo akainama, akakunja kidole, akagonga fromaji, akategesha sikio.

"Haina hewa?"

"Haina."

"Basi ingia."

Sasa natembea. Wakati wa baridi kifundo kinanikumbusha, si kwa uchungu, kwa kasauti tu. Kwa watu wa shirika nilisema ukweli, na bado wengine wananiita Papa Chuma, sasa kwa kunicheka, na ninaitika.

Wewe wa ku benchi, kama dokta anaongea luga yenye husikie, mwambie arudilie ku luga yako, na aseme akikuangalia wewe. Uliza: inakaa ao inaisha? Ikivimba niogope ao nisiogope? Usiwe na haya. Na mutoto wako, hata kama umemusomesha, mwambie akae ku kiti kama wengine, asisimame katikati yenu.

Furaha anapiga simu kila juma. "Papa, muguu inaendelea aje?" Namwambia, "Iko." Anangojea niongeze. Siongeze.

Barua zangu zote, tangu zamani, Furaha njo anazisoma kwanza, anatengeneza makosa, kisha zinatoka. Hii niliandika mwenyewe mu kaye, daftari yangu, mvua moja nzima, na sikumuonyesha. Makosa yote iko ndani, muyaache. Nitaiacha ku kituo cha Muhindo, ku benchi yake, watu wasome wakingojea. Na siku Furaha atapita kule, ataikuta pale. Ataisoma kama mimi nilisoma ile picha ku taa: mbele ya watu, na wa mwisho kujua.